Probox ya Kariakoo: Itoke Bandarini au Mkononi?

Steshenwagoni ndogo yenye umbo la sanduku, yaani gari fupi ambalo paa lake limenyooka hadi nyuma, ubavu wake umesimama wima na mlango wake wa buti hufunguka kwenda juu, imekuwa miongoni mwa vitendea kazi vinavyotegemewa zaidi na wafanyabiashara wa kati wa Dar es Salaam, na kwa wengi wao aina hiyo ya gari ina jina moja tu, nalo ni Toyota Probox. Katika mitaa iliyobanana kati ya Msimbazi, Uhuru, Kongo na Lumumba, ambako lori halipati pa kugeuzia na ambako guta na bajaji hugombania nafasi na watembea kwa miguu, Probox imejipatia kazi ambayo vyombo vingine huifanya nusunusu. Guta halifiki Tegeta wala Gongo la Mboto kwa wakati, na kirikuu, yaani kile kipikapu kidogo cha Suzuki Carry na wenzake, hubeba mzigo mwingi lakini huuacha wazi kwa mvua na kwa mikono ya wapita njia kila foleni inaposimama. Pikipiki nayo haiwezi kubeba majora kumi ya vitambaa. Probox hufungwa kwa ufunguo, hupita penye upenyo, na jioni hiyohiyo hubeba familia kurudi nyumbani Mbagala au Kimara.

Swali linalomkabili anayetaka kulimiliki si kama gari hilo linafaa, kwa sababu hilo soko limekwisha kulijibu, bali ni alipate kwa njia ipi: aliagize kutoka Japani, alichukue katika yadi likiwa limeshalipiwa ushuru, au alinunue mkononi kwa mtu aliyekwisha kulitumia katika barabara za nchini. Tofauti ya njia hizo haionekani kwenye bei inayotajwa siku ya kwanza, bali huonekana katika kodi, katika nyaraka na kwa fundi, na aghalabu wanunuzi wengi hupotea kwa kuangalia moja tu kati ya hayo matatu.

Probox ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 2002, ikichukua nafasi ya gari la mizigo la Corolla, sambamba na ndugu yake aitwaye Succeed, ambaye kwa umbo ni yuleyule isipokuwa bampa zake zilizomrefusha kidogo. Ilibuniwa kwa ajili ya makampuni: kwa mawakala wa mauzo, mafundi wa simu na wasambazaji wa bidhaa ndogondogo, watu wanaoshinda garini kutwa nzima, na ndiyo maana katika dashibodi yake imo meza ndogo ya kuvuta ambayo mbunifu aliikusudia kwa ajili ya makaratasi na chakula cha mchana. Kizazi hicho cha kwanza kilikuwa na matoleo mawili ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam anapaswa kuyatofautisha kabla ya kufungua pochi. Toleo la kwanza ni vani, ambalo kiti chake cha nyuma ni chembamba, kimesimama wima kama benchi la shule, na hulala bapa kabisa ili kuacha sakafu ya mzigo yenye urefu wa takriban mita 1.8. Toleo la pili ni wagoni, ambalo lina kiti cha nyuma chenye sponji ya kutosha na huduma zaidi za abiria, lakini halikuwamo tena Toyota ilipolifanyia gari hili mabadiliko makubwa mwaka 2014. Kwa hiyo mtu anayetafuta gari la kuwapeleka watoto shule na wakati huohuo kubeba mzigo wa dukani anatafuta wagoni ya kabla ya mwaka huo, hata kama dalali atamwapia kwamba Probox zote ni sawa.

Uzito ambao mtengenezaji ameruhusu kwa vani ni kilo 400 wanapokaa watu wawili tu mbele, na hupungua hadi kilo 250 viti vyote vitano vinapokaliwa. Kwa lugha ya dukani, kilo 400 ni mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Yeyote aliyewahi kutazama magari yakipakiwa Kariakoo anajua kwamba kiwango hicho huvukwa kila siku, na kwamba jibu la kawaida la mwenye gari ni kulinyanyua kwa kuweka spesa, yaani vipande vinavyoongezwa juu au chini ya springi ili tumbo la gari lisiguse matuta. Spesa haiongezi uwezo wa gari kubeba, bali huongeza kimo tu, huku mzigo uleule ukiendelea kuzielemea shokapu, bushi na viungo vya ekseli ambavyo sasa hufanya kazi katika pembe ambazo havikuundiwa. Jambo hilohilo lipo kwenye matairi. Toyota ililipa gari hili matairi membamba ya magari ya mizigo, ambayo kwa saizi ya inchi 14 huwa na alama ya uwezo 88, maana yake tairi moja linaweza kuhimili kilo 560. Mahali pake wamiliki wengi hufunga matairi ya kawaida ya magari madogo, ambayo alama yake inaweza kuwa 79, sawa na kilo 437. Mnunuzi wa gari la mkononi anayesoma namba hizo ubavuni mwa tairi hupata picha ya jinsi mwenye gari alivyolitunza bila kumuuliza neno.

Sababu kubwa ya Probox kushinda wapinzani wake, kama Nissan AD na Honda Partner, ambao kwa umbo na kazi hawapishani nayo sana, imo katika maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,500, ambayo mafundi huijua kwa jina la 1NZ, ndiyo iliyomo katika IST, Raum, Spacio, Porte, Sienta na Corolla kadhaa za kipindi hicho, na ile ya 1,300, yaani 2NZ, ni ya ukoo huohuo. Kwa magari yaliyojaa jijini kiasi hicho, hakuna muuza spea anayekosa pampu ya maji, plagi, koili au gaskiti ya injini hiyo, ikiwa mpya, ya kuigiza au iliyotolewa katika gari lililokatwakatwa. Injini zote mbili hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, jambo linalomwondolea mwenye gari gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya muda fulani, ingawa cheni nayo huharibika upesi pale oili inapochelewa kubadilishwa. Udhaifu unaofahamika wa 1NZ iliyozeeka ni kula oili: moshi wa rangi ya buluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa likiwa limepoa ndiyo dalili yake, na ndiyo maana muuzaji anayeipasha injini moto kabla mnunuzi hajafika anastahili kuangaliwa kwa jicho la pili.

Katika mazungumzo ya soko, gari jipya maana yake ni gari lililotumika Japani ambalo halijapata namba za Tanzania. Probox iliundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka gari ambalo halijatembea kabisa kwa kawaida hupelekwa kwenye aina nyingine na bei nyingine. Hali hii ina historia yake. Katika miaka ya 1970 uagizaji wa magari ulidhibitiwa na dola na kupata gari kulihitaji kibali, hadi mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mlango huo ulipozidi kufunguka katika miaka iliyofuata, Japani, ambayo kama Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, ikawa chimbuko la magari ya nchi nzima. Japani yenyewe ina sababu ya kuyaachia: gari la abiria hukaguliwa na serikali kila baada ya miaka 2 baada ya ule ukaguzi wa kwanza wa mwaka wa 3, lakini vani ya mizigo kama Probox, baada ya miaka 2 ya mwanzo, hukaguliwa kila mwaka, na gharama hiyo huyasukuma makampuni kuyauza magari yangali na nguvu.

Hapo ndipo kodi inapoingia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania haijaweka katazo la namna hiyo, badala yake huutoza uzee. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huanza na thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, na thamani hiyo si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji, kwa kuwa mamlaka ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika ambao mwananchi anaweza kuutazama mwenyewe mtandaoni. Juu ya thamani hiyo huwekwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla yake huwekwa ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000 ni asilimia 5. Kisha huja ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la abiria la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Na mwisho kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupigwa juu ya mrundikano wote huo. Umri huhesabiwa kutoka mwaka wa kutengenezwa, na wauzaji wa Japani mara nyingi hutangaza mwaka wa kusajiliwa, ambao unaweza kuwa wa baadaye.

Kwa mfano, gari likithaminiwa kwa shilingi milioni 8 na likiwa limepita miaka 10, ushuru wa forodha huwa milioni 2, ushuru wa bidhaa laki 5, uchakavu milioni 3, na kodi ya ongezeko la thamani takriban milioni 2.43, hata jumla ikafikia karibu milioni 7.93, sawasawa na kununua gari la pili ambalo halitaonekana. Gari la thamani hiyohiyo lililo chini ya miaka 8 lingetozwa karibu milioni 4.39. Bila shaka gari changa haliuzwi bei ya gari kuukuu, kwa hiyo tuseme limethaminiwa kwa milioni 12: kodi yake ni takriban milioni 6.59 na jumla milioni 18.59, dhidi ya milioni 15.93 za lile kuukuu. Tofauti ya milioni 4 kule Japani imepungua hadi pungufu ya milioni 2.7 Dar es Salaam. Zipo pia tozo ya reli, ada za usajili, za bandari na za wakala wa forodha, na kila bajeti ya mwezi Juni inaweza kubadilisha viwango, basi mnunuzi na apige hesabu yake upya siku anayoagiza, tena kwa namba ya modeli ya gari lenyewe, kwa sababu magari yenye jina moja yanaweza kuthaminiwa tofauti.

Kodi hiyo ingemaliza mjadala kwa upande wa gari changa kama si jambo moja la kiufundi. Probox za kabla ya mwaka 2014 zilikuja na giaboksi ya manyuo ya gia 5 au otomatiki ya kawaida ya gia 4, ambazo fundi yeyote wa Gerezani amezifungua mara nyingi. Zilizofuata zina otomatiki isiyo na hatua za gia, iitwayo CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Hupunguza ulaji wa mafuta, lakini hudai oili yake maalumu, haivumilii kuzidishiwa mzigo kwenye foleni za joto, na ikiharibika, aghalabu hubadilishwa nzima badala ya kukarabatiwa. Toleo la haibridi lililoongezwa mwaka 2018 lina betri kubwa juu ya hayo. Matokeo yake ni kwamba sheria ya kodi humvuta mnunuzi kuelekea gari ambalo mafundi wa mjini hawajalizoea, na uzoefu wa mafundi humrudisha kwenye gari ambalo kodi inaliadhibu. Hakuna hila ya kulikwepa jambo hili, ila ipo njia moja ya halali: kununua Probox ya zamani ambayo kodi yake ya uchakavu ilikwisha kulipwa na mtu mwingine, yaani gari la mkononi.

Anayeagiza mwenyewe ana ushahidi mmoja wenye nguvu, nao ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupita katika minada ambako mkaguzi huandika alama ya ubora, kilomita, na mchoro wa gari wenye herufi zinazoonyesha kila mkwaruzo na kila sehemu iliyobadilishwa; alama ya 4 huashiria gari zuri, 3.5 gari la kawaida lenye kasoro ndogo, na herufi R humaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Muuzaji anayekataa kuitoa karatasi hiyo amekwisha kutoa jibu. Vani iliyotembea kilomita laki 2 ikiwa na historia ya kampuni iliyoihudumia kwa wakati haipaswi kumtisha mtu kuliko ile yenye kilomita 60,000 zisizo na karatasi, maana kwa gari lililoundwa lishinde barabarani, kilomita chache mno ndizo zinazohitaji maelezo. Gari likifika, cheti cha ukaguzi kinachotambuliwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kinapaswa kuwamo katika bahasha moja na hati ya usafirishaji na cheti cha kufutwa usajili Japani.

Kwa gari la mkononi, soko la Dar es Salaam lina kipimo chake: herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba. Kusema gari ni namba C, D au E ni kusema limesajiliwa nchini katika kipindi gani, na bei hupanda kadiri herufi inavyosogea mbele. Kipimo hicho kina maana, kwa kuwa barabara za vumbi na mashimo huchosha gari kuliko lami ya Japani, lakini hakisemi gari lilitengenezwa lini wala lilifanya kazi gani, na Probox mbili za namba D zinaweza kutofautiana umri kwa miaka mingi. Rangi ya kibao husema zaidi. Namba za njano ni za gari binafsi na nyeupe ni za biashara. Probox yenye namba nyeupe, au ile yenye dalili kwamba zilibadilishwa, huenda imewahi kubeba abiria mikoani, ambako magari kama haya huitwa michomoko na hujazwa watu hadi kwenye buti, tena mara nyingine bila leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA.

Dalili za kazi ngumu hazifichiki kwa anayejua pa kutazama: sakafu ya buti iliyobonyea, springi za nyuma zisizolingana kimo, mlango wa nyuma unaofunga kwa kusukumwa na bega. Jijini kuna hatari ya ziada ambayo mnunuzi wa bara huenda asiifikirie, nayo ni maji. Jangwani na bonde la Mto Msimbazi, hatua chache kutoka Kariakoo, hufurika katika mvua za masika, na gari lililozama hukauka, likang'arishwa, likauzwa. Kapeti inyanyuliwe, tope litafutwe chini ya viti na ndani ya kisanduku cha fyuzi, na mikanda ya usalama ivutwe hadi mwisho, maana harufu na mstari wa tope hubaki hapo hata baada ya kila kitu kuoshwa. Namba ya usajili iliyochorwa kwenye sitemira na taa ni jambo la kawaida, kinga dhidi ya wezi wa vioo. Namba tofauti na ya gari lenyewe ni jambo la kuuliza.

Neno moja kuhusu gesi. Magari mengi ya Dar es Salaam sasa yamefungiwa mfumo wa gesi asilia iliyoshindiliwa, na akiba ya fedha ikilinganishwa na petroli ni ya kweli, ila mtungi wake hukaa ndani ya buti na kula nafasi ileile iliyomfanya mtu achague sanduku badala ya IST. Kwa dereva wa abiria hilo si tatizo; kwa muuza vitambaa ni kubadilisha gari bila kukusudia.

Uamuzi unaoelekea kuwa wa busara, basi, hutegemea mzigo. Familia inayobeba bidhaa mara chache itafaidika na gari changa kutoka bandarini, lililo chini ya miaka 8, na itaitunza CVT yake kwa oili sahihi. Mfanyabiashara atakayelipakia kila siku afadhali achukue vani ya mkononi ya kabla ya 2014, ya manyuo au ya gia 4, kutoka kwa mmiliki anayejulikana, akitenga sehemu ya fedha kwa shokapu, bushi na matairi ya mizigo tangu mwezi wa kwanza. Kuagiza gari lililozidi miaka 10 ili kulipa asilimia 30 ya uchakavu ni chaguo gumu kulitetea, labda kwa anayetaka wagoni ya abiria iliyotunzwa vizuri ambayo haipatikani nchini.

Vyovyote iwavyo, ada ya leseni ya mwaka ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, lakini madeni mengine hufuata namba ya gari: faini za polisi, ambazo huonekana katika mfumo wao wa mtandaoni, na ada za maegesho zinazokusanywa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ambazo kwa gari lililokuwa likilala Kariakoo zinaweza kuwa si haba. Msomaji anayekaribia kununua azitazame kabla ya kulipa, alinganishe namba ya chasisi na kadi ya gari akiwa amesimama mbele ya gari lenyewe, amlipe mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi hiyo, na aende naye TRA kubadilisha umiliki wiki hiyohiyo.